Kisima cha Bibi Esnati

Vijana wa karakana, mliniomba niwaandikie jinsi kazi ya visima ilivyokuwa kabla ya mashine ya kuchimba kufika kwetu. Siku ya kuniaga mlinipa kiti kizuri chenye mito, nami bado sijakizoea. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda jikoni, mke wangu ananizunguka na sufuria na kuniuliza kama kustaafu maana yake ni kuziba njia. Nitakwenda kwa utaratibu, tangu siku ya kwanza. Lakini nawaambia mapema kwamba safari moja itachukua nafasi kubwa kuliko miaka mingine yote, kwa sababu ndivyo ilivyokaa moyoni mwangu.

Siku ya kwanza nilifika kazini na viatu vyangu vya kanisani. Fundi mkuu wa visima wakati huo alikuwa Mzee Ditram, mtu mwembamba mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Aliniangalia miguu.

"Unakwenda kufunga ndoa?"

"Hapana, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi vua."

Nilidhani nitashuka kisimani siku ileile. Badala yake alinipa kamba ya katani, akaniambia nifumbe macho na kuipapasa kutoka ncha hadi ncha. Macho yanaamini upesi, alisema, vidole havina haraka. Nilipapasa kamba hadi vidole vikachubuka. Nilipogundua uzi mmoja uliokatika karibu na fundo, hakunisifu. Alinipa kamba ya pili. Baada ya hapo nikajifunza vyombo vingine: mtarimbo wa kuvunjia miamba, jembe lililokatwa mpini ili mtu aweze kulitumia mahali pembamba, ndoo ya chuma, kapi la kupitishia kamba, timazi ya kuangalia kama ukuta umesimama wima. Na mshumaa. Kabla mtu hajashuka, mshumaa unashuka kwanza. Ukizimika, huko chini hakuna hewa ya mtu.

Kule kijiji cha Lusewa mshumaa uliwahi kutuzimikia mara tatu mfululizo. Wenye kijiji walisema kisima kina mashetani. Mzee Ditram aliwajibu kwamba kama yapo basi nayo yanakosa hewa. Akakata tawi kubwa lenye majani, akalifunga kamba na kulipandisha na kulishusha ndani ya kisima, kama mtu anayetwanga, mpaka hewa mbaya ikatoka na mshumaa ukawaka. Ninyi sasa mna pampu ya hewa. Namshukuru Mungu kwa ajili ya pampu hiyo, lakini jueni pia habari ya tawi, maana pampu hula mafuta na tawi halili kitu.

Sasa niseme kuhusu desturi yetu ya kazi, ile ambayo wageni waliishangaa. Mzee Ditram alikuwa pia katekista, na hakutenganisha kazi zake mbili. Anayeshuka kisimani, kabla ya kushuka, humshika mkono mshika kamba na kumwuliza, "Una neno nami?" Mshika kamba hujibu, "Sina neno nawe." Kama analo, lazima aseme, na kazi inasimama mpaka neno hilo limalizike. Mzee aliona kwamba mtu hawezi kumkabidhi mwenzake uhai wake juu ya kinyongo. Kamba inaweza kuwa nzima na mkono ukawa na hasira.

Msidhani kwamba lilikuwa jambo la maneno matupu. Mshika kamba wangu kwa miaka mingi alikuwa Oswini, Mnyasa wa Mbamba Bay, mtu wa mzaha lakini asiyesema uongo hata kidogo. Asubuhi moja nilimwuliza kama ana neno nami, akajibu, "Ninalo. Jana ulikula kiazi changu." Watu wa kijiji walikuwa wamekusanyika, viongozi wapo, hotuba imekwisha kutolewa. Ikabidi kiazi kitafutwe. Mzee Ditram aliketi akingoja bila kutabasamu, na kazi ilianza Oswini alipomaliza kutafuna.

Mzee Ditram aliugua akafa katika miaka ile ya ruksa, wakati maduka ya mtaa wetu wa Mfaranyaki yalipoanza kujaa tena. Vijana hamkumbuki. Kabla ya miaka hiyo saruji ilikuwa inaombwa kwa kibali, na kibali kilikuwa kinaombwa kwa kibali kingine. Halafu ghafla saruji ikawa inauzwa hadharani, pembeni mwa mitumba na sabuni za rangi zote. Mtu angeweza hata kuwa na blanketi la ziada. Nalitaja jambo hili kwa sababu ndilo lililotuwezesha kwenda safari ninayotaka kuwasimulia.

Redio ilitangaza kwamba katika nchi jirani ya Malawi, kusini kabisa, mvua imenyesha hadi ubavu wa mlima ukabomoka. Maji, matope na mawe yalishuka alfajiri juu ya vijiji watu wakiwa wanaamka. Jumapili iliyofuata Padre Xaveri alisimama mimbarini na kusema kwa ufupi kwamba tutakwenda. Alikuwa padre kijana, mwenye haraka katika kila kitu isipokuwa Misa. Hakusema nani atakwenda. Alisema tutakwenda, kila mtu akarudi nyumbani akijiuliza.

Akina mama wa Mfaranyaki walileta mablanketi, maharage, chumvi, sufuria. Mmoja alileta viatu vyekundu vya visigino virefu, vya mitumba, karibu vipya. Padre alivishika akavigeuza, akamshukuru yule mama kwa dhati, kisha akaninong'oneza, "Fundi, Mungu atajua pa kuvipeleka." Kwa taarifa yenu, vilipata mtu.

Tulikosa dereva. Aliyejitokeza alikuwa Saidi, Myao wa Tunduru, Mwislamu, aliyekuwa akibeba korosho kwa lori lake mwenyewe. Alimwambia Padre, "Mimi si wa kwenu, lakini njia naifahamu, na huko mnakokwenda Kiyao kinasemwa."

"Kiti cha dereva hakina dhehebu," Padre akamjibu, "ila nikisali njiani usiniongezee mwendo."

"Ukisali mimi nitapunguza, Padre. Ukiimba ndipo nitaongeza."

Tuliondoka wanne: Padre, Saidi, Oswini na mimi, na vyombo vya kisima chini ya magunia. Tulipopita Madaba tulikuta watu wamesimama barabarani kwenye mvua na madebe ya mahindi. Hatukuwa tumewaomba. Tulizunguka ziwa kwa upande wa kaskazini, tukavuka mpaka, tukashuka kusini nchi nzima. Sitawaeleza safari, lori ni lori.

Tulipofika, Padre alishuka kwenye gari akavua kofia. Mahali palipokuwa na mashamba ya mahindi palikuwa na mawe meupe, mengine makubwa kama nyumba, yamelala kwenye matope yaliyokauka juu na kubaki mabichi chini. Watu waliosalia walikuwa wamekusanyika kwenye shule iliyokuwa juu ya kilima. Walitupokea kwa kupiga makofi taratibu, viganja vimekutanishwa, kwa kuwa ndiyo salamu yao ya heshima. Walikuwa wamepoteza watoto na nyumba, na bado walimtafutia mgeni mkeka. Katika kazi yangu yote sijaona adabu iliyonifundisha kama ile.

Vyumba viwili vya madarasa vilikuwa vimejaa wagonjwa wa kuhara. Walikunywa maji ya mto, na mto ulipita juu ya kila kitu kilichokufa. Mganga wa zahanati yao alituambia bila kuzunguka: dawa anazo kidogo, na hata angekuwa nazo nyingi, bila maji safi anajaza mtungi uliotoboka.

Siku hiyohiyo Oswini na mimi tukazunguka na mtarimbo kutafuta pa kuchimba. Kila mahali ulipiga jiwe. Kilikuwepo kisima kimoja tu, cha zamani, kilichojengwa kwa matofali. Ukingo wake ulionekana kidogo juu ya matope, ndani kumejaa hadi juu. Kukizibua kungekuwa kazi ya siku chache. Kuchimba kipya kwenye mawe yale kungekuwa kazi ya msimu mzima.

Pembeni mwa ukingo huo alikuwa ameketi mwanamume wa makamo, jina lake Lameki. Alikaa hapo tangu asubuhi hadi jua kuzama. Tukaambiwa mke wake Falesi hajaonekana tangu mlima uliposhuka, na kwamba nyumba yao ilikuwa jirani na kisima. Sisi tukajua la kufanya. Kwetu Ungoni, ukitaka kuchimba mahali unamwendea baba mwenye boma, unaketi, unaeleza. Padre alimpelekea blanketi na sukari, akampa pole, akaomba ruhusa kwa maneno mazuri ambayo Oswini aliyatafsiri kwa Kinyasa chake, kinachokaribiana na lugha yao. Lameki alisikiliza hadi mwisho. Akasema hana la kusema.

Kesho yake tulirudi na sukari zaidi. Akasema tena hana la kusema. Padre aliniambia kwa huzuni kwamba msiba umemfunga kinywa. Saidi alikuwa chini ya lori anakaza nati, tukamsikia anacheka.

"Nini, Bwana Saidi?" Padre akauliza.

"Nawacheka Wangoni, Padre. Mnamwomba mkwe ruhusa ya kisima cha mama mkwe!" Akajitoa chini ya gari, anafuta mikono. "Hapa ni kama kwetu Wayao. Mwanamume akioa anahamia kwa akina mkewe. Nyumba ni ya mke, shamba ni la mama wa mke, kisima ndiyo kabisa. Huyu wanamwita mkamwini, yaani mwanamume wa kuja. Hata angetaka kuwajibu, angejibu kama nani? Mmempelekea sukari ya watu wengine."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Jana mlikuwa mnapendeza sana, Padre, sikutaka kuwaharibia."

Kisha akaacha mzaha, akatueleza jambo jingine. Mke akifa na kuzikwa, wazee wa upande wa mke humnyoa mkwe na kumruhusu arudi kwa mama yake mzazi. Lakini Falesi hajazikwa, kwa hiyo matanga hayajaanza, na mumewe hawezi kuondoka wala hana mahali pa kukaa. Amening'inia. Ndiyo maana ameketi kwenye ukingo wa kisima.

Mama mkwe alikuwa Bibi Esnati. Tulimkuta darasani, amelala juu ya mkeka, amedhoofu kwa kuhara lakini macho yake makali. Tulipiga makofi kama tulivyoona wenyeji wakifanya, hata Padre. Lameki aliketi mbali, mlangoni, amegeuza uso pembeni, maana kwao mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hasemi naye moja kwa moja. Saidi alisema naye kwa Kiyao. Bibi akaniuliza mimi kupitia kwake, "Wewe ndiye unayeingia ndani?"

"Ndiyo, Bibi."

"Fungueni. Lakini kamba aishike mume wa mwanangu. Kama yuko humo, nataka atolewe na mtu wake."

Sasa ndipo na sisi tulipoelewa jambo ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalifahamu. Alfajiri ile Falesi alikuwa ametoka na ndoo kwenda kuchota maji.

Tulisimamisha miti mitatu juu ya kisima, tukatundika kapi. Oswini alimfundisha Lameki kuketi nyuma, kukita visigino, kuacha kamba ipite kiunoni. Watu walikuwa wamekuja kutoka shuleni, wengi wao wanawake, baadhi wamebeba watoto wagonjwa mgongoni. Nikamshika Lameki mkono, Oswini akatafsiri.

"Una neno nami?"

Alinitazama sana. "Ninalo," akasema.

Watu wakanong'ona. Padre akanivuta kando. "Fundi, wagonjwa wanangoja. Hiyo desturi yenu tuiache kwa leo."

"Padre, wewe husomi Misa bila divai. Mimi sishuki bila jibu."

Halafu yule padre mwenye haraka aliketi chini kwenye matope, kanzu na yote, akangoja. Nimewaona mapadre wengi wakihubiri vizuri. Yeye siku ile alihubiri kwa kukaa.

Lameki akasema, polepole, na Oswini akageuza neno kwa neno. "Ninyi mnatafuta maji. Mimi namtafuta mke wangu. Ukimkuta huko chini na ukasema, watu hawatakunywa hapa tena. Ukinyamaza na kumfunika, watakunywa, na watoto watapona. Wewe ni mtu wa dini, una huruma. Nitajuaje kwamba huruma yako haitakunyamazisha?"

Alikuwa amesema kweli tupu, na alinijua kuliko nilivyojijua. Nilitazama wale akina mama. Nikasema, "Nikimkuta nitakuita kwa jina lako, na utamvuta wewe. Kisima kitakuwa kaburi lake. Tutakifunika, na maji tutayatafuta kwenye mawe."

"Hata mkiyakosa?"

Hilo halikuwa la kujibiwa na mimi. Nikamgeukia Padre. Alikuwa bado ameketi. Akawatazama watu, akasema kwa sauti ambayo kila mmoja aliisikia, "Hata tukiyakosa."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, mtoto ambaye kichwa chake kilikuwa kimeanguka upande kwa kuishiwa nguvu, akasema kitu kwa lugha yao. Oswini akatugeuzia maneno ya yule mama. Alisema, "Falesi ni wetu pia. Chimbeni."

Vijana, mtu akiwauliza imani ni nini, mwambieni kuhusu mama yule.

Lameki akaniambia hana neno nami. Nikafanya ishara ya msalaba, nikaingia.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu lakini ya kawaida. Matope yalikuwa mazito kama ugali, yamechanganyika na mizizi na kokoto. Matofali ya ukuta yalikuwa yamelegea upande mmoja, tukayazuia kwa mapipa ya chuma yaliyopasuliwa ubavu. Kila tulipozidi kwenda chini tuliteremsha mshumaa. Nilijaza ndoo, nikapiga kelele, Lameki na Oswini wakavuta. Lameki hakumwaga tope hivihivi. Kila ndoo aliimwaga taratibu kwenye gunia, akaipapasa kwa vidole, hajali harufu, hajali nani anamtazama. Nilikaa kisimani nikiusikia ule ukimya wa juu kila ndoo ilipofika, nami nikajikuta nangoja pamoja naye.

Tulitoa mchi wa kinu. Tulitoa mlango wa banda la kuku. Tulitoa kandambili moja ya mtoto, watu wakashika vifua, kisha mtoto mwenyewe akapenya katikati ya watu akiwa mzima, akaidai, na akagomba kwa nini ya pili haijaonekana. Mama yake alimzaba kibao kidogo akilia na kucheka.

Siku ya mwisho, karibu na sakafu, jembe langu lilivuta kitambaa.

Niliacha jembe. Nikaita, "Lameki! Nimekuta nguo." Kamba ilikaza kiunoni mwangu mara moja, bila yeye kukusudia. Nikapiga magoti, nikaanza kuchimba kwa vidole tu, huku nasali, na nawaambia ukweli sikujua naomba nini. Nikiomba asiwepo, namnyima mumewe mwisho wa kungoja. Nikiomba awepo, nawanyima watoto maji. Nikaacha kuomba kitu, nikabaki kulitaja jina la Mungu peke yake.

Ilikuwa kata, kile kitambaa cha kuviringishwa ambacho wanawake huweka kichwani chini ya ndoo. Ilikuwa bado imefungwa kwenye mkono wa ndoo, na ndoo ilikuwa imelala ubavu kwenye sakafu ya kisima. Nilisafisha kote kuizunguka. Nikapapasa ukuta, nikapapasa sakafu, kila kona, kwa mikono miwili, jinsi Mzee Ditram alivyonifundisha kupapasa kamba. Maji yalikuwa yameanza kuchuruzika kati ya vidole, baridi na meupe.

"Lameki," nikaita, "hapa kuna ndoo yake na kata yake. Nimegusa kote. Yeye hayupo."

Nilipotoka juu alikuwa ameishika ile ndoo kifuani. Bibi Esnati alikuwa ameletwa, ameegemea mabega ya wanawake wawili. Akaiomba ndoo pamoja na kata. Hakuifungua kata. Aliigeuza mikononi.

"Bado imefungwa," akasema. "Hakuwa amejitwika. Alikuwa hajachota." Akatazama njia iliyotoka kisimani kwenda mahali nyumba ilipokuwa. "Aliusikia mlima. Angekimbilia juu, kilimani, angepona, ni karibu. Huko hakufika, na kisimani hayumo. Aliiacha ndoo akanikimbilia mimi kule nyumbani."

Akaanza kutembea njia ile, akivutwa mkono, nasi tukafuata. Haikuwa mbali. Katikati ya njia lilikuwa limelala jiwe moja kubwa, refu kupita mtu. Sote tulikuwa tumelizunguka siku zote hizo, asubuhi na jioni, tukienda na kurudi. Hapakuwa na mtu wala mashine ya kuliondoa. Bibi Esnati akaweka kiganja juu yake.

"Ni hapa," akasema.

Padre alivaa stola shingoni akasoma sala za mazishi pale kwenye jiwe. Saidi alisimama kando, akainua viganja akamwombea marehemu dua kwa namna yake. Wanawake wakaimba. Waliimba sana, kama watu waliokuwa wamezuiwa kuimba, na wengi wao, nadhani, walikuwa wakiwazika na wa kwao ambao hawakuwa hata na jiwe.

Tulibaki siku chache kujenga upya ukingo wa kisima na kumwaga zege. Wagonjwa wapya walipungua, kisha hawakuja tena. Mganga alikuja kutushukuru. Nikamwambia awashukuru wenye kisima. Naye Bibi Esnati, alipopata nguvu, akakaa na wazee wa ukoo wake, wakafanya inavyopasa. Lameki alinyolewa. Mjomba wa marehemu akamwambia kwa niaba ya Bibi kwamba ametimiza, ukoo hauna deni naye, na yuko huru kurudi kwao. Akapewa jogoo wa njiani. Jogoo huyo alikuwa miongoni mwa kuku wachache waliosalia kijijini.

Lameki alimpokea jogoo kwa mikono miwili. Halafu akafanya jambo lililowafanya wazee wainue vichwa. Aligeuka akamtazama Bibi Esnati usoni, akasema naye mwenyewe.

"Mama, nani atakuchotea maji?"

Bibi alisema wapo wanawake. Lameki akasema wanawake wana watoto wao na wagonjwa wao. Bibi akasema hiyo si kazi ya mwanamume. Lameki hakubishana naye. Alimfungua jogoo miguu akamwachia atembee uani.

Tuliondoka asubuhi yake mapema. Lori lilipopita kisimani kulikuwa na foleni ndefu ya wanawake, na katikati yao alisimama mwanamume mmoja mwenye kipara kipya, ameshika ndoo kwa namna ya mtu asiyejua aibebe wapi. Saidi akapunguza mwendo. Mama mmoja alikuwa anamfokea Lameki huku wenzake wakijifunika vinywa kwa kucheka, na Oswini akatutafsiria kutoka nyuma ya gari.

"Anamwambia hata mkwe anapanga foleni. Arudi nyuma, nafasi hiyo ni ya huyo mama."

Lameki akarudi nyuma.